Sendofu ya shemeji imeangukia siku ya Michigan na Ohio State, nifanyeje wakuu?

Baba Watatu wa Rau | Jumatatu 25 Novemba 2024

Habari za jioni wakuu. Najua humu wengi ni Simba, Yanga na EPL, ila najua pia wapo waliopita Marekani wakarudi na ule ugonjwa wa mpira wa yai (American football), tena ule wa vyuo, hao ndio nawatafuta leo.

Mimi niko Moshi. Nilisoma Ann Arbor, chuo cha Michigan, nikarudi nyumbani 2012. Kabla sijarudi nilikuwepo uwanjani Septemba 2011 siku waliyocheza na Notre Dame, mechi ya kwanza ya usiku kwenye uwanja ule, watu 114,804, tukashinda 35-31 zimebaki sekunde mbili. Toka siku hiyo sijapona. Na nilivyorudi huku ndo nikaanza kuadhibiwa, maana 2012 mpaka 2019 Ohio State walitufunga kila mwaka, kila mwaka wakuu, mimi nimekaa sebuleni Rau na bando langu nafungwa. 2020 mechi haikuchezwa sababu ya korona. Halafu 2021, 2022, 2023 tukawapiga mara tatu mfululizo.

Sasa msimu wao unaanza mwisho wa Agosti na ndo miezi ambayo nyumba hii haina Jumamosi. Saa 12 na nusu asubuhi jumuiya. Tukitoka hapo Mbuyuni sokoni, na mama watoto ni nesi, akiwa zamu basi sokoni naenda mwenyewe na kitinda mimba anayelilia kila kitu anachokiona. Saa 5 napanda Kibosho kwa wazee, kahawa zinaiva na mzee hataki vibarua, anataka wajukuu wachume, na mvua za vuli zikishaanza ile barabara gari inateleza kama imepakwa mlenda. Jioni kikao cha harusi, kama sio ya ukoo huu ni ya ukoo ule, mchango huku mchango kule. Nafika home nimechoka kama punda, nakuta wa kati ana hesabu za form one hazielewi. Hapo mechi ya saa 6 mchana kwao imeshaanza, maana kwetu inakuwa saa 1 usiku, na wakirudisha saa zao nyuma Novemba inasogea saa 2. Zile za usiku sizisemi, zinaanza saa 8 na nusu mpaka saa 9 na nusu za huku na misa ya kwanza inanisubiri, nishawahi kusimama kwenye Injili nikaendelea kusimama wenzangu wote wamekaa.

Tatizo lenyewe ni hili. Jumamosi hii tarehe 30 ni Michigan na Ohio State, saa 2 kamili usiku. Na ndo siku ya sendofu ya mdogo wake mke wangu. Mimi ndo shemeji mkubwa, ni mweka hazina wa kamati, na nimepangiwa kutambulisha familia ya bibi harusi, kwenye ratiba ya MC imeandikwa saa 2 na robo.

Sijaomba ruhusa ya kutokwenda, nisieleweke vibaya. Naogopa yale ya mwaka jana. Mwaka jana siku kama hii ilikuwa sherehe ya kipaimara cha huyu wa kati, nikaweka earphone sikio moja tu, la upande wa ukuta. Saa 5 na nusu baba mkubwa anasali sala ya kufunga, Ohio wanashambulia sisi tunaongoza 30-24, mtu wetu akadaka pasi yao ya mwisho. Nikaruka. Nikapiga kelele katikati ya sala. Nikajaribu kuigeuza iwe "Amina" lakini watu hawakudanganyika. Mama watoto hakuniongelesha mpaka Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Wenye familia na wenye ugonjwa huu mnafanyaje?

Chalii wa Sakina

Mkuu subiri kwanza, mechi ya CHUO inajaza watu laki moja na kitu?? Kwa Mkapa pale ni elfu 60 tena mpaka waje Simba na Yanga. Hao wanafunzi wana nini? Halafu nilishawahi kuangalia hiyo kitu nikaona wanasimama tu wanaongea, wanaangushana, matangazo. Sikuelewa kitu.

Baba Watatu wa Rau

Chalii uwanja wetu rasmi unachukua 107,601 na unajaa. Mchezo ni rahisi, una nafasi nne za kusogea yadi 10, ukizifikisha unapewa nne nyingine, ukishindwa unampa mwenzako mpira. Ukiingia nao mwisho wa uwanja ni pointi 6, ukipiga teke ukapitisha kwenye nguzo ni 3. Basi. Huko kusimama kwao wanapanga mbinu, ni kama bao, usiangalie mkono angalia kete.

Na uchukulie Michigan ni njano na bluu, Ohio State ni wekundu. Njano na nyekundu, unanielewa sasa? Walianza kukutana 1897.

Chalii wa Sakina

Ahaaa kumbe ni Yanga wa huko. Sasa nimeelewa kwa nini unalialia. Msimu huu mko vipi?

Baba Watatu wa Rau

Vibaya. Msimu uliopita tumechukua ubingwa mechi 15 hatujapoteza hata moja, kocha Harbaugh akaondoka akaenda NFL, ligi ya kulipwa, mwaka huu tumeshinda 6 tumefungwa 5. Wao wamefungwa moja tu tena kwa pointi moja na Oregon, chuo kingine.

Chalii wa Sakina

Sasa mkuu si mnaenda kufungwa tu? Nenda kale ndafu mzee, unagombana na mke kwa ajili ya kipigo?

Mama Njiro

Kaka yangu habari. Nikuulize kwanza, mkeo anajua umeandika haya?

Mimi wangu ni Arsenal, kwa hiyo ni mjane toka Agosti mpaka Mei, mkeo ana nafuu Januari anarudishiwa mume. Nakwambia kitu ambacho huyo dada labda amechoka kukisema. Sio yale masaa matatu. Masaa matatu mtu unaweza kumuachia mwenzio, hata mimi nikienda saluni kusuka ni zaidi ya hapo. Kinachouma ni mtu amekaa pembeni yako kwenye meza kuu anatabasamu, unamwambia kitu anasema eehee, na unajua kabisa hayupo. Bora ungebaki nyumbani nikasema mume wangu anaumwa tumbo, kuliko kuja na mwili tu.

Halafu kuna kitu nimekidaka hapo. Hii mechi si umesema ni kila mwaka siku kama hii? Tarehe ya sendofu ilipangwa lini na wewe ulikuwa wapi?

Baba Watatu wa Rau

Dada shikamoo.

Ilipangwa Julai. Nilikuwepo kikaoni. Tena... mimi ndo niliyesema tarehe 30 ni nzuri mishahara itakuwa imetoka watu watamalizia michango. Sikuhesabu kuwa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Mama Njiro

😂😂😂 Mungu ana haki.

Sasa sikiliza. Sisi mwezi wa nane anakuja na ratiba yake mimi nakuja na ya kwangu, ubatizo, ndoa, mahafali, vikao vya shule, tunakaa mezani. Kila wikiendi ana mechi moja ambayo simgusi, hata nyumba ikiungua ananyanyua miguu tu nafagia. Zingine zote zikigongana na familia, familia inashinda na hakuna kununa. Ya kwako umeshachelewa. Jumamosi simu mpe mkeo aiweke kwenye pochi yake. Mpe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla hamjaingia ukumbini.

Mmachame wa Columbus

Meku mimi niko kwa adui hapa Columbus, mji wa Ohio State wenyewe, mwaka wa tisa, na nishakuwa mwekundu, watoto wangu wamezaliwa hapa ningefanyaje. Wiki hii hapa chuoni herufi M zote kwenye mabango wamezipiga X kwa utepe mwekundu, sikutanii, kila M.

Nikwambie tu usidhani huku tumetulia. Jumamosi za hii miezi asubuhi mtoto ana mechi yake ya soka, unasimama kwenye baridi na kikombe cha kahawa mbovu, Kibosho hapo tungeimwaga. Ukirudi majani yamejaa uwanja mzima unakusanya, ukimaliza yamedondoka mengine. Mke kanyimwa ofu. Mimi nafanya kazi ghalani usiku, Jumamosi saa 6 mchana ndo natakiwa niwe nimelala. Kwa hiyo naangalia na wadogo wawili juu ya kochi, wao wanapenda bendi ya chuo kuliko mpira, na robo ya tatu wote tumeshalala. Ila harusi siku ya hii mechi hapa mtu hapangi, akipanga basi ni mgeni au hataki watu waje.

Ushauri wangu, fanya marudio. Mchezo ni dakika 60 ila unakula masaa matatu na nusu, yale mengine ni matangazo, kwa hiyo ukiangalia Jumapili yaliyokatwa unamaliza ndani ya muda mfupi na familia. Shida ni matokeo yasikufikie. Toka kwenye magrupu yote Jumamosi mchana. Mimi sitakutumia kitu, neno la Mmachame, ingawa tutawafunga vibaya na nitaumia sana kukaa kimya.

Mwalimu Mstaafu, Marangu

Wanangu nawasoma nacheka peke yangu. Mwaka 1974 Simba walipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mimi nilikuwa nachuma kahawa redio nimeitundika kwenye mgomba. Mke wangu alikuja na uji akakuta debe zima nimechanganya mbichi na mbivu, mbichi ndo nyingi. Hakusema neno. Alimwaga chini debe lote, akakaa, akaanza kuchambua punje moja moja mbele yangu mpaka mpira ukaisha. Mpaka leo sikumbuki vizuri mabao yalivyofungwa, nakumbuka vile vidole.

Mpe mkeo simu, mwanangu.

Chalii wa Sakina

Mzee shikamoo, hii imenimaliza.

Baba Watatu wa Rau | Jumapili 1 Desemba 2024

Wakuu narudisha majibu.

Jumamosi mchana nikatoka magrupu saba, moja lilikuwa la kamati wakadhani nimekimbia na hela. Tukafika ukumbini nikampa mama watoto simu getini. Akaniangalia, akauliza "una nini?" nikamwambia weka tu. Akaizima kabisa.

MC kama kawaida alichelewa, utambulisho ukaja saa 3 kasoro. Nikaanza vizuri, wazee, mababa, nilipofika kwa mashangazi nikamtambulisha mama mdogo kama mama mkubwa, ukumbi mzima ukaguna, na naapa sikuwa nawaza mpira, ni hofu tu ya kipaza sauti. Katikati ya ndafu umeme ukakata, jenereta ikagoma, mvua juu ya bati huwezi kusikia mtu, tukakata ndafu kwa tochi za simu, za wenzangu maana yangu ilikuwa kwenye pochi. Bibi harusi alikuwa anamlisha mama yake analia na sisi wote tumemulika. Ile dakika nisingeiona. Ningekuwa nje karibu na gari natafuta mtandao, najijua.

Leo tumetoka misa, wa kwanza kamaliza mtihani wake wa form four juzi Ijumaa na hana kitu cha kusoma kwa mara ya kwanza miaka miwili, akasema baba tuangalie wote. Tukaunganisha simu kwenye TV, watatu wote na mahindi ya kuchoma. Wakuu. TUMESHINDA 13-10. Kwao Columbus. 10-10, zimebaki sekunde 45, teke la pointi tatu, limepita. Kitinda mimba kaogopa akakimbilia jikoni anasema baba anakufa.

Halafu baada ya mpira vijana wetu wakaenda kuchomeka bendera katikati ya uwanja wa wenyewe, ngumi zikapigwa, polisi wakapuliza pilipili. Mama watoto anapita na ndoo akasimama akaangalia kidogo, akauliza, "Na hawa ndio wasomi?" Akaenda zake.

Chalii wa Sakina

Hahahaha kudadeki. Yule mwekundu wa Columbus yuko wapi?

Mmachame wa Columbus

Nipo. Naomba msinitafute wiki hii. Na watoto hawakulala mwaka huu, wameona yote.

Mama Njiro

Hongera kaka. Simu ulirudishiwa lini?

Baba Watatu wa Rau

Leo baada ya misa dada, na nilikuwa nimesahau kuidai.

Baba Watatu wa Rau | Jumatatu 9 Desemba 2024

Wakuu samahani nafukua uzi. Wametupangia mechi na chuo cha Alabama tarehe 31 Desemba, nimepiga hesabu ni saa 2 usiku huku. Na tutakuwa Kibosho, na mkesha wa mwaka mpya bibi anataka wajukuu wote kanisani, na mama watoto hajapangiwa zamu...

Mama Njiro

Usianze.