Naomba ushauri: wasifu wa baba mkwe, mkulima wa ngano Saskatchewan

Habari zenu wapendwa. Baba mkwe wangu amefariki wiki iliyopita huku Kanada. Familia imeniomba nisome wasifu wake Jumamosi, kwa Kiingereza na Kiswahili, maana wazazi wangu wa Morogoro watafuatilia kwa simu.

Alilima ngano na kanola, zao la mbegu za mafuta, kwenye shamba lililoanzishwa na babu yake, zile ekari 160 ambazo walowezi waligawiwa kwa ada ya dola 10. Alipostaafu mashine ziliuzwa kwa mnada, lakini kila Septemba aliniomba nimwendeshe tukatazame wenzake wakivuna. Hapo ndipo nilipomjua. Alichuma suke, akalifikicha kiganjani, akatafuna punje, akanyamaza.

Nimeandika kurasa mbili, zimejaa tarehe na majina ya wajukuu, na yeye simwoni ndani yake.

Naombeni msaada kwa mawili. Tambarare ile ya majani, isiyo na mti hadi upeo wa macho, niiite nini? Nikisema mbuga, wazazi wangu watawaza tembo wa Mikumi. Nikisema nyika, watawaza ukame. Na je, ni sawa kuusimulia ule mnada, siku pekee niliyomwona akilia, mbele ya mama mkwe?