Kaisari Vespasian naye alimponya kipofu kwa mate?

chumbageni_one: Wakuu habari za jumapili. Jana barazani hapa Tanga jamaa kaleta stori mpaka kahawa imepoa, eti Vespasian kabla hajaenda Roma kukalia ukaisari alikuwa Alexandria, akamtemea kipofu mate akaona, na mwingine mwenye mkono mbovu akaukanyaga ukapona. Mi mkristo, nikamkumbuka palepale yule kipofu wa Bethsaida, Marko 8, naye katemewa mate. Sasa nani kamuiga nani? Msinitukane, nauliza kwa nia njema

mnyanjani_boy: Mapepo hayo mkuu, shetani anaiga kila kitu. Imeisha hiyo

raskazone77: Hilo jibu la mapepo Justin Mfiadini, mwandishi wa Kikristo, alishalitoa toka karne ya 2, ila Celsus mpagani akawarudishia, huyo Yesu wenu uchawi kajifunzia Misri. Mtarushiana mpaka kesho.

Mtoa mada, kaisome kwa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi (Suetonius mwenzake naye anayo ila kwake ni mguu, sio mkono). Vespasian kwanza alicheka akakataa. Akaita madaktari, wakamwambia huyu macho hayajafa kabisa, yule mkono wake unaweza kurudi, halafu ukifaulu sifa ni zako, ukishindwa watachekwa hao masikini. Umeona hesabu hiyo? Mtu katoka ukoo usio na jina, anautaka ukaisari, anaambiwa hana cha kupoteza, hata mimi ningetema!

Ila usishangilie mapema maana Tacitus anamalizia kwamba waliokuwepo bado wanasimulia, wakati kudanganya hakulipi tena. Si ndo hoja yetu ileile ya kanisani, mitume wangepata faida gani kusema uongo? Ukiikubali kwa Petro, kwa Tacitus unaikataaje?

Kuigana sioni. Tukio ni mwaka 69 au 70, na Marko wasomi wengi wanaiweka karibu na 70 hukohuko. Mate yalikuwa dawa ya macho, Pliny mwandishi wa Kirumi kaandika

mdigo_halisi: Mbona Wagiriki walikuwa wanalala kwenye hekalu la Asclepius, mungu wao wa tiba, kule Epidaurus waoteshwe tiba, visa vikachongwa kwenye mawe, kuna mama eti kabeba mimba miaka 5 😂 Hapa Amboni mapangoni si watu wanaacha marashi wakiomba watoto? Aliyezaa atasimulia, asiyezaa nani atamuuliza

binti_ngamiani: Sisi tunaamini Nabii Isa aliponya vipofu na wakoma kwa idhini ya Allah, Aal Imran 49, mate hayatajwi hapo

chumbageni_one: Shukran dada. Ila @raskazone77 nimeirudia Marko, Yesu alimtoa yule mtu nje ya kijiji na akamkataza kurudi kijijini, Vespasian kafanya mbele ya umati. Halafu mara ya kwanza jamaa akaona watu kama miti inatembea, ikabidi aguswe tena. Mtu anayetunga sifa anaandika hivyo kweli?

raskazone77: Hapo sasa. Na Mathayo na Luka, waliobeba sehemu kubwa ya Marko, kisa hicho hawana. Jiulize kwa nini