Naomba ushauri: krimu au rangi ya maziwa kwa sebule yenye giza kidogo?

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wenu maana fundi rangi anakuja Jumamosi na mimi bado sijaamua. Sebule yangu ni futi 12 kwa 14, dirisha ni moja tu na limetazama ukuta wa jirani kwahiyo mwanga ni mdogo, chini kuna marumaru za kahawia na dari ni jipsam nyeupe. Nimenunua makopo ya lita moja moja nikapaka vipande viwili mikono miwili (yaani mara mbili mbili) pale pembeni ya dirisha, sasa mchana ukiziangalia ni kama rangi moja ila usiku nikiwasha taa, na taa zangu ni zile za njano, krimu inakuwa njano kabisa kama siagi, hii ya maziwa inatulia lakini asubuhi kukiwa na mawingu inakuwa kama kijivu, chumba kinapooza. Mama watoto anataka krimu.

Je, nibadilishe taa kwanza niweke nyeupe ndo nichague, au nichukue tu ya maziwa? Na kwa mikono ya watoto, silki (ile rangi yenye mng'ao kidogo) inafutika vizuri kuliko mati (isiyong'aa)? Asanteni sana.