Wadau, niko na laki nne, niweke zote kwa hisa moja ya benki ama nigawanye?

Mwalimu_Lanet
Habari za jioni wadau. Niko Nakuru huku Lanet, kazi yangu ni ualimu, miaka 38. Kwa miezi kama sita nimekuwa nikisoma mambo ya wale wazee wa kununua hisa kwa thamani, akina Graham, Buffett na Munger, na sasa nimepata benki moja kwa soko la Nairobi inauzwa nusu ya thamani ya vitabu vyake. Yaani ukichukua mali yote, utoe madeni, ugawanye kwa idadi ya hisa, kitu cha shilingi 100 kinauzwa 50. Na inalipa gawio, yaani ile faida inayogawiwa wenye hisa, karibu asilimia 8 ya bei kwa mwaka. Niko na 400,000. Swali ni moja tu, niweke zote hapo ama nigawanye kwa kampuni tano sita? Sijalala vizuri wiki hii, naamka saa nane usiku kuangalia bei na najua soko limefungwa. Wenye uzoefu tafadhali.

Baba_Njoro
Mwalimu, kodi shamba Molo upande viazi. Hisa huwezi kuila ikishuka bei. Mimi nilianza na nusu eka na sasa nasomesha watoto watatu.

Mwalimu_Lanet
Asante mzee lakini sijauliza viazi.

Mkakamega
Ndugu yangu wacha nikueleze yaliyonipata. Nilinunua hisa za kampuni ya sukari huku kwetu kwa sababu miwa naiona kwa macho, matrekta yanapita mlangoni kila siku, nikasema hii hata mtoto anaielewa. Bei ikashuka nikaongeza, ikashuka tena nikaongeza, kila mara nikijiambia sasa ndio bei ya chini. Vitabu vilikuwa vinaonyesha mali mingi sana, lakini mali yenyewe ni mitambo imechoka, na wakulima hawajalipwa wakaanza kung'oa miwa wapande mahindi. Mwishowe hisa zikasimamishwa sokoni. Mpaka leo ziko kwa akaunti yangu ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa, siwezi kuuza hata moja. Kwa hivyo ukiniambia nusu ya thamani nakuuliza, thamani ya nani?

Mtulivu_Dunga
Mkakamega amegusa penyewe. Na kwa benki ni ngumu zaidi mwalimu, maana mali ya benki ni mikopo iliyopeana. Wakopaji wakikosa kulipa hiyo mali inayeyuka na deni la wenye akiba linabaki palepale. Kabla ya kuangalia gawio fungua ripoti za mwaka, si moja, za miaka mitano, uone mikopo isiyolipwa inapanda ama inashuka, na wametenga kiasi gani cha kuifidia. Graham alitaka kila mara kuwe na pengo la usalama kati ya bei na thamani, ili hata ukikosea hesabu usiumie sana. Mtu wa aina hiyo alikuwa anatawanya kwa kampuni nyingi kwa sababu alijua baadhi zitakufa tu. Munger ndiye aliona kampuni chache zinatosha, lakini alikuwa anazisoma mpaka azijue kama nyumba yake.

Sasa nikuulize, hiyo laki nne ni akiba? Ikishuka nusu kesho, kuna mtu atakuja kuidai?

Mwalimu_Lanet
Hiyo nadhani haibadilishi swali. Pesa ni pesa. Tuseme ni ya muda mrefu, miezi 48.

Mama_Kondele
Eeh! Nani huhesabu akiba kwa miezi? Miezi 48 ni lugha ya mkopo. Mwalimu sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

Mwalimu_Lanet
Sawa dada. Ni mkopo wa sacco. Asilimia 12 kwa mwaka, makato kama 10,500 kwa mwezi moja kwa moja kwa mshahara, kwa hivyo sitakosa kulipa hata mwezi mmoja. Gawio litasaidia kulipa na mwisho hisa zinabaki zangu. Mkopo nilipata kwa bei nzuri, benki zingenitoza zaidi. Halafu hata Buffett alijengea utajiri wake pesa za watu. Na tayari za 150,000 nilinunua Jumamosi, nimebaki na 250,000 nataka kuweka, ndio maana nauliza. Zimeshuka kama asilimia 11 tangu ninunue, na kwa akili yangu bei ikishuka na kampuni ni ileile, si ndio wakati wa kuongeza?

Mtulivu_Dunga
Tufanye hesabu pamoja polepole. Asilimia 8 ya 400,000 ni 32,000. Serikali inakata asilimia 5 ya gawio, unabaki na 30,400. Makato yako ya mwaka ni 126,000 na riba pekee mwaka wa kwanza inapita 40,000. Hilo gawio halilipi hata riba mwalimu. Na gawio si mshahara, benki ikipata mwaka mbaya bodi inaweza kuamua hakuna.

Kuhusu Buffett, pesa alizotumia ni za bima, watu wanalipa leo na madai yanakuja miaka baadaye, hakuna anayebisha mlangoni bei ikishuka. Uliza kilichompata Rick Guerin. Alikuwa mwenzao wa karibu Buffett na Munger, kwa akili hakuwa nyuma yao. Soko likaanguka 1973 na 1974 na yeye alikuwa amekopa kununulia hisa. Wakopeshaji wakamdai. Hisa ya Berkshire, kampuni ya Buffett, ilitoka karibu dola 93 ikaenda 38 na biashara ilikuwa bado ipo, na Guerin akalazimika kumuuzia Buffett hisa zake chini ya dola 40. Hisa moja ya aina hiyo ilivuka dola 600,000 mwaka 2024. Alichagua vizuri kabisa, lakini subira yake ilikuwa imewekwa rehani.

Mpitanjia_58
Ngojeni kwanza. Amesema amenunua Jumamosi. Soko la Nairobi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Huyu si mwalimu wala hana mkopo. Ni mtu wa broka, wale madalali wa hisa, anataka tukimbilie hisa za benki.

Baba_Njoro
Nilijua! Viazi havina Jumamosi.

Mama_Kondele
Hata mimi nimeanza kushuku. Mwalimu mwenye mkopo mabegani angeandika kwa utulivu hivyo kweli?

Mkakamega
Lakini kama anapigia debe, mbona hajataja benki? Ukurasa mzima hakuna jina. Mchuuzi hafichi bidhaa yake.

Mwalimu_Lanet
Jumamosi niliweka oda kwa programu ya broka, ikanunuliwa Jumatatu asubuhi. Sikuweka bei ya mwisho ninayokubali, niliacha inunue kwa bei yoyote iliyoko, na nikapata juu kuliko nilivyoona Ijumaa. Sikuwa najua. Sina sababu ya kudanganya hapa, nimeandika na mikono ikitetemeka.

Na kuna jambo sijasema. Fomu ya sacco niliandika ujenzi. Mke wangu anajua ni pesa za mabati. Kuta zimefika juu tangu Februari na mvua inanyeshea ndani. Mdhamini wangu mmoja ni mwalimu aliyenipokea kazini, anastaafu Disemba, na akiba yake imefungwa mpaka nipate mtu wa kushika nafasi yake ama nipunguze deni.

Mpitanjia_58
Basi nisamehe kaka. Nilikosea.

Mama_Kondele
Mwalimu, kumbe swali si hisa moja ama tano. Mtu ameweka akiba ya miaka thelathini nyuma yako na hajui iko kwa benki gani.

Mwalimu_Lanet
Lakini nikiuza sasa nitakuwa nimekula hasara ya zaidi ya 16,000.

Mtulivu_Dunga
Za 150,000 usiziguse leo, kaa chini usome hizo ripoti kwanza halafu uamue ukiwa umelala. Ile 250,000 ndiyo bado iko mikononi mwako. Nunua mabati, zitakazobaki rudisha sacco mapema upunguze deni, mzee wako apumue. Ukitaka kununua tena, nunua na mshahara kidogo kidogo, tangu 2025 unaweza kununua hata hisa moja, si lazima mia. Hapo bei ikishuka utafurahi kwa sababu hakuna anayekusubiri.

Mwalimu_Lanet
Nilikuwa na oda nyingine ya Jumatatu. Nimeifuta sasa hivi. Mke wangu amerudi kutoka sokoni, yuko jikoni. Wacha nimwambie kabla sijaogopa tena.