Mtoto akibainika na usonji, mzazi naye achunguzwe usonji na tatizo la umakini (ADHD)?

Mtaalamu wa tiba kazi, Nyamagana, Mwanza: Nasema ndiyo, na iwe siku ileile. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi katika usonji karibu asilimia 80, na mzazi anayenyamaza ghafla wakati dalili za mwanawe zinasomwa mara nyingi amejiona yeye mwenyewe katika dalili hizo. Ila sababu yangu kubwa ni mazoezi ya nyumbani. Tunampa maelekezo saba kwa mdomo, koridoni, watoto wanalia. Mwenye tatizo la umakini anafika nyumbani Igoma amebaki na mawili, nasi tunamwandika "hatoi ushirikiano". Hiyo ni dhuluma! Apewe zoezi moja kwa wiki, kwenye karatasi yenye picha, lifuatane na jambo la kila siku: dakika 10 baada ya kuoga jioni. "Mara kwa mara" haimsaidii.

Daktari wa afya ya akili: Siku ileile napinga. Dodoso fupi la usonji kwa watu wazima lina maswali 10. Alama 6 au zaidi maana yake apelekwe kuchunguzwa zaidi, basi. Wasiwasi, sonona na kukosa usingizi huweza kupandisha alama. Mchukue mvuvi wa dagaa. Siku za giza anakesha ziwani na taa, mchana usingizi ni wa mang'amung'amu. Mpe dodoso la umakini wiki hiyo: anasahau, hatulii, anakasirika upesi. Asubiri mbalamwezi, mitumbwi ikipumzika, alale siku kadhaa ndipo aulizwe. Tena tatizo la umakini lazima dalili zake ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, kwa hiyo aitwe bibi au mjomba aliyemlea. Zilizoanza ukubwani, tazama kwanza tezi ya shingo, upungufu wa damu, pombe.

Muuguzi wa jamii, Ilemela: Daktari, na ukoo je? Mkimchunguza mama peke yake, mawifi watasema "kumbe katuletea yeye", na anayebebeshwa mzigo ndiye anayemlea mtoto. Waitwe wote wawili, baba na mama, au asiitwe yeyote. Na karatasi ya mzazi isikae kamwe kwenye faili la mtoto. Faili hilo hubebwa na shangazi, na shule huliomba.

Mtaalamu wa tiba kazi: Faili tofauti, nakubali, dada. Na karatasi ya zoezi moja haihitaji dodoso lolote. Wapewe wazazi wote. Lakini daktari, kumrudisha mtu wa Ukerewe mbalamwezi ni nauli ya kivuko mara ya pili. Wengi hawatarudi.

Daktari wa afya ya akili: Basi tugawe. Maswali ya utotoni yaulizwe siku hiyohiyo, hata kwa simu kwa bibi, kwani uchovu wa wiki hii haubadilishi alivyokuwa darasa la pili. Dalili za sasa aulizwe kituo cha afya cha kulekule kisiwani, baada ya kulala.

Muuguzi wa jamii: Kwa sharti kwamba anayeuliza kule hatoki ukoo wa mume.