Kituruki: sulamak na susamak zote zimetoka kwenye "su", inakuwaje?

mgeni_wa_sarufi: Wakuu habari, najifunza Kituruki mwenyewe na hapa nimekwama. Su ni maji, sawa. Sulamak ni kumwagilia, halafu susamak ni kuona kiu. Nomino ni ileile, mbona moja inataka shamirisho na nyingine haitaki? Na hilo "su" humo ndani bado ni nomino au ndo limeshakufa?

mzizi_mkavu: Mkuu usikodolee macho nomino, angalia kiambishi. Hiyo -la (au -le, inafuata irabu inayoitangulia) ndo kitenzi chenyewe, nomino imebebwa tu. Sisi tunasema tia chumvi, maneno mawili, wao wanagandisha na nomino inatangulia, tuz ni chumvi basi tuzlamak. Kinachotiwa ndo kinakuwa shamirisho: bahçeyi suladım, nimemwagilia bustani, ile -yi inakuonyesha bustani ndo inapokea. Kwenye susamak kiambishi ni kingine, -sa, hapo hakuna wa kupokea, kuna mwenye kiu tu.

bibi_irabu: Sawa ila msimdanganye kwamba kiambishi kinamaliza kila kitu. Tuzlamak unaweka chumvi kwenye kitu, depolamak unaweka kitu kwenye depo yani ghala, zımbalamak unatumia zımba, stepla ile. Kiambishi kimoja, nomino zina kazi tatu!! Hale na Keyser, wanaisimu, walisema nomino inaanzia ndani kama shamirisho halafu inapanda kujiunga na kitenzi, wao walikuwa wanaongelea Kiingereza zaidi ambako hicho kitenzi hakisikiki (salt ni chumvi na ni kutia chumvi pia), kwa Kituruki unakiona kwa macho, ni hiyo -la. Kuhusu kufa, jaribu kulipa "su" kivumishi. Temiz ni safi, lakini ukisema temiz suladım hujasema umemwagilia kwa maji safi, inabidi useme temiz suyla suladım, "su" inarudi mara ya pili. Kivumishi hakiifikii ile ya ndani.

mgeni_wa_sarufi: Aah kumbe. Sasa evlenmek? Ev si nyumba?

mzizi_mkavu: Ndo hiyohiyo, ev + len, kuoa au kuolewa, unapata nyumba yako. Ila haichukui shamirisho, unasema Ayşe'yle evlendi, na hiyo -yle ni "na" wala sio -le ya kitenzi. Mi nilishasema Ayşe'yi evlendi, mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Ukitaka shamirisho ongeza -dir, evlendirmek, kuozesha.