Kutembea msituni na wenyeji, Dodoma na mikoa ya kati: tupeane uzoefu

Mgeni wa Nkuhungu (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Huu ni mwaka wangu wa saba Dodoma, na muda wote huo nimekuwa nikirudia kauli ya wageni wenzangu kwamba huku ni vumbi, zabibu na mibuyu, basi. Mwaka jana mwezi wa kumi shemeji yangu wa Kondoa akanivuta mpaka Kolo, ile njia ya Babati, twende tukaone michoro ya mapangoni. Michoro tuliiona. Ila kilichonikaa kichwani ni ile njia ya kupandia.

Tulianzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, tukajiandikisha, tukalipa, tukapewa mzee wa kutuongoza, miguuni katambuga. Mvua zilikuwa bado na nyasi zimekauka kabisa, lakini miyombo ilishatoa majani mapya, mekundu kama shaba. Nikauliza kama moto ulipita. Mzee akacheka: mti huu hausubiri mvua, unajua kwamba inakuja. Mbele kidogo akasimama kwenye mninga wenye kovu la panga, akabandua utomvu uliokauka, akanisugulia nao kwenye kiganja kilicholowa jasho. Kiganja kikawa kama nimetoka kuchinja kuku. Nimepita kwenye maduka ya samani za mninga maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba mti wenyewe unatoa damu.

Tulipokaribia Mungomi wa Kolo, moja ya yale mapango yenye michoro, akapunguza sauti. Watu bado wanapanda pale kufanya matambiko. Hakutuambia tunyamaze, ila wote tukajikuta tunanong'ona, hata mwanangu ambaye nyumbani hanong'oni. Maeneo hayo yapo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na siku ile tulikuwa watu sita tu.

Sasa likizo ya Juni nataka kupeleka watoto wa mtaani kwetu, kama ishirini, mahali penye msitu wa zamani na mwenyeji wa kutuongoza. Aliyewahi kutembea hivyo, iwe Kondoa, Kongwa, Manyoni, Singida, popote, aseme aliona nini, nini kilimharibikia, na hela ilienda kwa nani.

Binti Manyoni

Mkuu, mtu akisikia msitu anatafuta miti mirefu. Kwetu Itigi utaondoka umenuna. Kichaka chetu ni urefu wa watu wawili, watatu hivi, kimeshonana mpaka mbwa anaingia kwa kufikiria. Kiangazi kikishapukutisha majani unaweza kudhani ni lundo la kuni. Lakini kichaka cha aina hiyo hakipatikani sehemu nyingi, kingine kiko kule mpakani na Zambia. Bila mwenyeji usiingie. Hatua thelathini tu hujui ulikotokea, na tembo akiwa ndani humwoni mpaka umsikie anapumua.

Baba yangu mdogo anafuga nyuki. Nilipokuwa kidato cha pili alinichukua pamoja na wageni wawili. Tukiwa njiani kuna ndege mdogo wa kijivu, hata sura hana, akaanza kelele kama mtu anayetikisa kiberiti. Baba mdogo akampigia mluzi. Ndege akaruka mti wa mbele, akasubiri, akaanza tena. Tulimfuata kama nusu saa. Halafu akanyamaza. Mimi nikasema basi, ametupoteza. Baba mdogo akaweka mkono kwenye shina lenye tundu, akasikiliza, akasema tumefika.

Akawasha moshi, akatoa masega, na kabla hata wageni hawajaonja akachukua kipande cha sega lenye nta na wana wa nyuki akakiweka juu ya gogo, mahali pa wazi. Yule ndege shida yake ni nta. Wazee wanasema usipomwachia, safari ijayo anakupeleka kwa chui. Baba mdogo hakuwahi kujaribu kuhakikisha hilo.

Jambo la msingi: usivae bluu iliyokolea wala nyeusi. Mbung'o wanaipenda. Mgeni mmoja alivaa jinzi, akajuta.

Mla Mlenda

Dada Binti Manyoni, asali ya baba mdogo bado ipo? Njoo inbox.

Fundi Simu wa Majengo

Mimi nilete la kuharibikiwa, maana wengine mmeenda na wazee, sisi tulienda na spika.

Jamaa mmoja mjini alitangaza safari ya msituni, tukachanga, tukajaa Coaster nzima. Nyama ipo, mkaa upo, muziki upo. Mwenyeji hakuna. Tumefika, tunashusha vitu, wakatokea vijana watatu na mama mmoja wa kamati ya maliasili ya kijiji. Wakauliza barua ya kijiji iko wapi. Kumbe ule ni msitu wa hifadhi ya kijiji, una sheria ndogo zake, na mkaa tuliobeba ulishatuharibia sura kabla hatujasalimia. Mwandaaji akaanza kujitutumua, "Sisi tunatoka Dodoma mjini." Yule mama akamjibu taratibu, "Na sisi tunatoka hapa."

Hapo mwenye akili angerudi. Sisi kumi tukazunguka upande wa pili kimyakimya. Nikaegemea kichaka kimoja chenye maganda ya rangi ya kahawia yenye manyoya, laini kama paka. Wenyeji mmeshajua. UPUPU. Nilivua shati, nikavua na mengine ambayo sitayataja. Kila nikijikuna unasambaa. Aliyeniokoa ni mmoja wa wale wale vijana wa kamati, alikuja na majivu, akanipaka mgongo mzima huku anacheka, akanikataza kujikuna. Nilimpa elfu tano, akakataa. Akasema mwakani pitieni ofisini.

Mrangi wa Haubi

Pole Fundi, nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuuliza.

Mleta mada, neno lako "msitu wa zamani" nalichukua kwa tahadhari. Ya kwenye mapango na sehemu za tambiko ni ya zamani kweli, hayaguswi. Lakini vilima vingi vya kwetu Kondoa unavyoviona na kijani leo, mimi navijua vikiwa vyekundu. Udongo mtupu. Makorongo unayasimamia ukingoni unaona mtu chini kama sisimizi. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, wakapanda miti, wakachimba makinga maji, lakini ng'ombe na mbuzi walikula kila kilichochipua. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lile. Nilikuwa darasa la kwanza.

Babu yangu alizipeleka ng'ombe zake kwa wakwe, nje ya mpaka. Alikuwa anaenda kuzitazama kila baada ya wiki mbili, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, anarudi hasemi na mtu. Maziwa tukaanza kupimiwa kwa kikombe. Hilo wageni wa matembezi hawaelezwi, wanaonyeshwa kijani tu na kupiga picha.

Sasa hapa ndipo ninapogongana na babu yangu. Miti ilirudi. Na mingi haikupandwa na mtu, ilikuwa visiki vyenye uhai chini ya udongo, vikisubiri mdomo wa mbuzi uondoke. Miaka mitatu, minne tu, kilima kikavaa nguo. Nikitembeza wageni siku hizi nawapitisha kwenye korongo nililokuwa naliogopa nikiwa mtoto, tunashuka mpaka chini, tunakaa kivulini, nawapa hadithi ya zile ng'ombe. Babu alifariki akiwa na ng'ombe mmoja wa bandani, maana baadaye hao waliruhusiwa. Hakuwahi kusema kwamba walikuwa sahihi. Alikuwa anakaa kivulini, basi.

Watoto wako walete. Ila waambieni na hilo.

Mwalimu wa Bahi

Nakazia alichosema Mrangi kuhusu visiki. Huku kuna mafunzo ya Kisiki Hai yamefika vijiji vingi vya Dodoma, na kwa watoto ni bora kuliko kutembea tu. Kutembea wanachoka baada ya saa moja, wanaanza kuuliza chakula.

Unawapa kisiki watoto watatu. Wanachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine yote wanakata, na matawi ya chini wanayapogolea. Halafu wanafunga kitambaa, ili mpita njia na mchunga mbuzi wajue kisiki kina mwenyewe. Usipande mche, maana huna maji ya kuumwagilia. Kisiki mizizi yake ilishafika chini zamani.

Mwanafunzi wangu mmoja alifunga skafu yake ya shule. Nikamgombeza. Mama yake alikuja Jumatatu, nikajua leo nimekwisha, kumbe kaja kuuliza kisiki kiko wapi akafunge kanga kuukuu aichukue skafu.

Mzaliwa wa Kongwa

Kwetu njoo uone mibuyu. Mwingereza alikuja hapa 1947 kulima karanga, akaleta matingatinga, akafunga minyororo kati ya mawili kuvuta vichaka. Mbuyu ukawa unamtazama. Na ndani ya mibuyu kuna nyuki. Ardhi nayo ikikauka ni saruji, 1951 mradi ukafungwa. Babu anayetutembezaga huwa anatuweka chini ya mmoja, tunaunganisha mikono kuuzunguka, mara ya mwisho tulifika watu tisa. Magome yake yana makovu ya watu kuchuna kamba, na yameota tena, unaweza kupitisha kidole kwenye mpaka wa gome la zamani na jipya.

Manukato acheni nyumbani. Sitaeleza nilijuaje.

Mgeni wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu nashukuru sana. Swali la hela bado halijajibiwa vizuri.

Mnyaturu wa Ilongero

Hilo ni rahisi. Msitu wa kijiji, lipa ofisi ya kijiji, dai risiti. Mwongozaji mpe chake mkononi, mbele ya watu. Kwetu msitu wa Mgori wananchi walianza kuulinda wenyewe miaka ya tisini, wakilala porini kwa zamu, halafu mtu wa mjini anachukua elfu hamsini kwa kila kichwa kuwapeleka wageni na kijiji hakijui. Mkikutana na wa hivyo msimpe hata mia.

Mgeni wa Nkuhungu (mleta mada)

Mrejesho. Tumeamua Kondoa, siku ya kwanza Kolo, ya pili kwa Mrangi korongoni (ameshakubali inbox), na Mwalimu ametupa maelekezo ya visiki. Kila mtoto anakuja na kitambaa kikuukuu, lita mbili za maji na suruali ndefu isiyo bluu. Spika hakuna.

Leo shemeji amempigia yule mzee wa katambuga. Ameuliza mawili tu: watoto wangapi, na wanaweza kukaa kimya. La kwanza nimemjibu ishirini. La pili nimejifanya mtandao unakatika.